Bastola chini ya mto

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Moshi kuna kauli iliyozoeleka: sheria kali ya silaha humnyang'anya bunduki raia mwema, jambazi anabaki nayo. Inaingia akilini haraka. Ila inasahau kwamba anayefyatua mara nyingi si jambazi.

Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua. Sasa fikiria bastola iliyolala chini ya mto, usiku mume na mke wamegombana. Au mtoto wa miaka minne anapapasa kitandani akitafuta rimoti. Jambazi hayupo kabisa hapo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, serikali ilikaza sheria, ikanunua na kuteketeza bunduki takriban 650,000. Vifo vya bunduki vilipungua. Kweli, vilikuwa vimeanza kushuka kabla, na watafiti bado wanabishana sheria ilichangia kiasi gani.

Kwetu, sheria ya mwaka 2015 haimkatazi raia mwema kumiliki silaha. Inamtaka awe na leseni.