Sweta za Aran hazikuwa kitambulisho cha maiti

Wauza sweta hupenda kusema kila ukoo wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, ulikuwa na nakshi yake ya kufuma, ili mvuvi aliyezama atambulike akiopolewa. Hadithi tamu, ila haina msingi. Inaelekea ilichipuka kwenye tamthilia ya J. M. Synge ya 1904, Riders to the Sea: dada anamtambua kaka yake aliyezama kwa soksi aliyomfumia, maana anakumbuka aliangusha vitanzi vinne vya uzi alipoifuma. Soksi, tena ya kawaida tu! Sweta zile nyeupe zenye nakshi za kamba zilienea karne ya 20, na wanawake walizifuma pia kwa kuuza, wakiigana mitindo.