Sumu za mwani kwenye maji, na kwa nini lazima ujue ni ipi

Huku Tabora kiangazi kikikolea, mwezi wa tisa na wa kumi, malambo mengi yanabaki na maji kidogo, ya moto, yamejaa mavi ya ng'ombe, halafu asubuhi moja unakuta upande ule upepo unakosukumia maji kumetanda kijani kama mtu kamwaga rangi ya mafuta. Mzee mmoja mfugaji wa upande wa Uyui alinipeleka kwenye lambo lao, ndama wake wawili walikuwa wamekufa, akaniuliza mwanangu, hii kijani ndo imeniulia ndama? Nikamwambia mzee wangu, kwa macho siwezi kukujibu na hakuna mtu anayeweza. Kupima sumu ya mwani ni maswali mawili, je sumu ipo, na kama ipo ni sumu gani, na watu wengi wanaishia hilo la kwanza tu.

Nikachukua kijiti nikakichovya. Kikitoka na nyuzi zinaning'inia kama nywele, mara nyingi huo ni mwani wa kawaida. Cha siku ile kilitoka kimepakwa kijani chote kama brashi ya fundi rangi, hakuna uzi hata mmoja. Nikajaza maji kwenye chupa nikaiweka kivulini, baada ya masaa kadhaa kijani kikapanda chote juu kikafanya pete shingoni mwa chupa, maana hawa wadudu wana vifuko vya hewa ndani ya seli zao vinavyowaelesha. Ni sianobakteria, tunawaita mwani kwa mazoea ila ni bakteria wanaotumia jua kama mimea. Sasa hapo umejua wapo, hujajua kama wana sumu, kwa sababu ndani ya aina ile ile moja kuna wenye jeni za kutengeneza sumu na wasio nazo, na ukiwaweka kwenye maikroskopu wanafanana kama mapacha.

Na sumu zenyewe haziui kwa njia moja. Maikrosistini inashambulia ini, mnyama anaweza kukaa masaa mengi au hata siku kadhaa anadhoofika, ukimpasua unakuta ini limevimba damu. Anatoksini inashika neva, misuli ya kupumulia inagoma, mnyama anaweza kudondoka pale pale pembeni ya maji ndani ya dakika chache. Kuna silindrospamopsini inayopiga ini na figo, kuna saksitoksini nayo ya neva. Wafugaji wameumizwa na hiki kitu zamani sana, mwaka 1878 George Francis aliandika habari ya mifugo iliyokufa baada ya kunywa maji ya Lake Alexandrina kule Australia, na hapa kwetu Afrika mwaka 2020 Botswana walipoteza tembo zaidi ya 300, serikali yao ikasema chanzo ni sianobakteria kwenye maji.

Kipimo cha haraka kipo, ni kikaratasi kama kile cha malaria, kinatumia kingamwili zinazoikamata maikrosistini. Ila kuna mitego miwili na naomba uishike. Wa kwanza, sumu nyingi bado imefungiwa ndani ya seli, ukichuja maji ukapima yale masafi tu utapata jibu dogo la uongo, lazima seli zipasuliwe kwanza, maabara wanagandisha na kuyeyusha sampuli mara tatu hivi, au wanatumia dawa ya kupasulia. Wa pili, kile kikaratasi kinasomwa kinyume na cha malaria: sumu ikizidi, mstari wa kipimo unafifia mpaka unapotea. Mtu aliyezoea malaria akiona mstari haupo anashangilia, kumbe hapo ndo pabaya.

Halafu kikaratasi kinakuambia ukoo tu. Maikrosistini ziko zaidi ya 200, kingamwili nyingi zinashika kipande kimoja ambacho karibu zote wanacho, kwa hiyo unapata jumla yao bila kujua nani ni nani. Kuzitenganisha ndo kazi ya ile mashine ya maabara inayozipitisha kwenye mrija mwembamba, kila moja inatoka kwa muda wake, kisha inaipima uzito, inaivunja na kupima vipande. Maikrosistini-LR, ile maarufu, ina uzito wa kama 995, kwa daltoni, kipimo cha uzito wa molekuli. Na uzito peke yake hautoshi jamani! Anatoksini-a ina uzito wa 165.12, fenilalanini ambayo ni asidi amino ya kawaida kabisa kwenye kila mwili ina 165.08. Mashine isiyosoma desimali vizuri inaona kitu kimoja, na imeshatokea kweli kwamba fenilalanini ya mwili wa marehemu ikadhaniwa ni anatoksini. Kinachowaumbua ni muda wa kutoka kwenye mrija na jinsi vinavyovunjika.

Kwa nini nahangaika na ipi ni ipi? Kwa sababu klorini inaivunja maikrosistini vizuri kama maji hayana alkali nyingi na ukaipa muda, lakini anatoksini-a klorini haiifanyi kitu cha maana. Kuchemsha ndo usijaribu, maikrosistini haifi kwa moto wa jikoni na seli zinapasuka zinaimwaga yote kwenye sufuria. Na kiwango chenyewe ni kidogo mno, WHO wanasema maikrosistini-LR isizidi maikrogramu 1 kwa lita kwenye maji ya kunywa kila siku.

Siku ile tulipasua seli, tukachovya kikaratasi, mzee kainama pembeni yangu. Mstari wa juu, ule unaoonyesha tu kwamba kikaratasi kinafanya kazi, ukaja mwekundu, wa chini haukuja kabisa. Akasema mwanangu, si umeona, hakuna kitu. Ikabidi nimweleze upya taratibu, akanyamaza, akamwita kijana wake awatoe ng'ombe wote awapeleke kwenye kisima cha pampu, na mama aliyekuwa anajaza ndoo akaimwaga. Mi nikajaza chupa mbili za kioo cheusi, kwa sababu mwanga unaziharibu hizi sumu na plastiki inazinyonya, nikazilaza kwenye barafu ziende maabara. Ndama walikuwa wameshazikwa, hakuna aliyewapasua kuangalia ini.