Monte-Carlo Masters: mashindano ya tenisi ya udongo na historia yake

Monte-Carlo Masters ni mashindano ya tenisi ya wanaume wa kulipwa yanayochezwa kila mwaka mwezi Aprili, juu ya viwanja vya udongo mwekundu, katika pwani ya Mediterania. Yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na bingwa akawa Mwingereza Reginald Doherty, ambaye mwaka huohuo alitwaa pia ubingwa wa Wimbledon. Kwa hiyo ni miongoni mwa mashindano makongwe kabisa ya mchezo huu. Leo yamo katika daraja la Masters 1000, ambalo ni kundi la mashindano tisa yaliyo chini ya yale manne makuu yaitwayo Grand Slam, na bingwa wake hupata pointi 1,000 za viwango vya ubora, yaani nusu ya zile anazopata bingwa wa Grand Slam.

Ijapokuwa yanaitwa kwa jina la mtaa maarufu wa Monaco, mashindano haya hayachezwi ndani ya Monaco. Klabu inayoyaandaa ilifungua viwanja vyake vya sasa mwaka 1928 huko Roquebrune-Cap-Martin, mji wa Ufaransa unaopakana na nchi hiyo ndogo, na viwanja vyenyewe vimejengwa kwa ngazi kwenye mteremko wa mlima, hata mtazamaji aliyekaa juu ya uwanja mkuu, uliopewa jina la Mwanamfalme Rainier III, anaona mechi chini yake na bahari mbele yake.

Ili kuelewa kwa nini mashindano haya yana uzito wa pekee, ni lazima kwanza kuuelewa udongo wenyewe. Kinachoitwa udongo mwekundu hasa ni vumbi la matofali yaliyosagwa, nalo hutandazwa kama utando mwembamba wa milimita chache tu juu ya tabaka nene za chokaa, kokoto na mawe, ambazo kazi yake ni kupitisha maji na kuhifadhi unyevu. Mpira unapotua juu ya vumbi hilo hukwaruzana nalo, ukapungua kasi, kisha ukadunda juu zaidi kuliko kwenye nyasi au sakafu ngumu. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anayetegemea nguvu ya mpira wa kuanzisha hunyang'anywa sehemu kubwa ya silaha yake, kwa sababu mpinzani anapata muda wa kuufikia. Anayefaidika ni yule mwenye pumzi, mwenye subira ya kurudisha mpira mara ishirini bila kukosea, na anayejua kuserereka, yaani kuanza kuteleza kabla hajaufikia mpira ili apige na kusimama kwa wakati mmoja. Aprili katika pwani ile aghalabu huwa na hewa ya baridi na unyevu, hali inayozidi kuupunguza mpira kasi.

Udongo pia hutunza ushahidi. Kila mpira unaotua huacha alama, na kwa miaka mingi mwamuzi alikuwa akishuka kutoka kwenye kiti chake, akatembea hadi kwenye alama iliyobishaniwa na kuikagua kwa macho kabla ya kutoa uamuzi. Mwaka 2025, chama cha wachezaji wa kulipwa, ATP, kilipoanza kutumia mitambo ya kielektroniki kuamua mistari katika mashindano yake yote, desturi hiyo ilikoma Monte-Carlo.

Orodha ya mabingwa inaonyesha jinsi udongo unavyochagua watu wake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alitamba Anthony Wilding wa New Zealand. Miaka ya 1970 Ilie Nastase wa Romania alishinda mara tatu mfululizo, kisha akaja Björn Borg wa Uswidi. Mwaka 1995 Thomas Muster wa Austria alishinda nusu fainali akiwa hoi kwa kuishiwa maji mwilini hata akapelekwa hospitali, lakini kesho yake akarudi uwanjani, akapoteza seti mbili za kwanza dhidi ya Boris Becker, akanusurika pale Becker alipobakiwa na pointi moja tu kumaliza mechi, na akaishia kushinda seti ya tano kwa 6–0. Kwa maoni yangu hakuna fainali nyingine inayoeleza vizuri zaidi kile ambacho uwanja huu unadai kwa mchezaji.

Hata hivyo, anayesimama juu ya wote ni Rafael Nadal wa Hispania, mwenye mataji 11. Alishinda kila mwaka kuanzia 2005 hadi 2012, mfululizo wa mataji manane uliokatwa na Novak Djokovic katika fainali ya 2013, kisha akaongeza mengine matatu kuanzia 2016 hadi 2018. Roger Federer, pamoja na ukubwa wake wote, alifika fainali mara nne na hakushinda hata moja.

Katikati ya enzi hiyo ya Nadal, mashindano yenyewe nusura yashushwe daraja. ATP ilitangaza mpango wa kuyaondoa Monte-Carlo na mashindano ya Hamburg, Ujerumani, katika kundi la juu, na waandaaji wa mashindano hayo mawili wakaenda mahakamani nchini Marekani. Monte-Carlo walifikia makubaliano mwaka 2007, lakini Hamburg walishindwa kesi yao mwaka uliofuata na wakashushwa. Tangu 2009, kwa mujibu wa makubaliano hayo, Monte-Carlo ndiyo Masters 1000 pekee ambayo mchezaji wa ngazi ya juu hashurutishwi kushiriki. Wengi walidhani wachezaji wakubwa wangeyahama, lakini bado wanakuja, kwa kuwa hapa ndipo msimu wa udongo wa Ulaya unaposhika kasi kuelekea mashindano ya Madrid, Rome na hatimaye Grand Slam ya Paris, na pia kwa kuwa baadhi yao, Djokovic akiwemo, wamewahi kuishi Monaco, mwendo wa dakika chache tu kutoka uwanjani.