Supavaiza wa laini ya nguo anafundishwa, hazaliwi na sauti kubwa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa ushonaji wa viwandani kwenye chuo cha ufundi stadi, na kabla ya kushika chaki nilikaa kiwandani miaka tisa. Leo nataka tuongee kitu ambacho wazazi na vijana wengi hawakijui, kwamba kiwanda cha nguo kina kazi nyingi za katikati, yaani kati ya yule anayekaa kwenye cherehani na yule anayekaa ofisini, na hizo za katikati ndo tunakosa watu.

Mtu akisikia kozi ya ushonaji anawaza fundi wa mtaani, cherehani cha kukanyaga barazani, sare za shule na vitenge vya harusi. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto wengi tu. Ila kiwanda kama Tooku pale Mabibo Dar kinachoshona jinzi, au Mazava kule Morogoro cha nguo za michezo, hakiendi hivyo. Pale hakuna mtu anayeshona suruali nzima, mmoja anaweka mfuko, mwingine zipu, mwingine mkanda wa kiuno, akimaliza anapasia wa mbele, hivyo hivyo kutwa nzima, na hiyo safu ndo inaitwa laini. Sasa laini inataka supavaiza, inataka fundi mashine, nyuma yake kuna mtu wa patani, yaani anayechora umbo la vipande vya nguo, na wa kukata, mbele yake kuna mkaguzi wa ubora, na pembeni kuna mtu mwenye saa anayepima kila kazi inachukua muda gani.

Mimi mwenyewe nilifanywa supavaiza asubuhi moja tu. Nilikuwa opereta mwepesi, meneja akaja akaniambia kuanzia leo unasimamia laini hii, basi, hakuna hata siku moja ya mafunzo. Nikafanya nilichoona wenzangu wanafanya, nikawa napiga kelele. Tageti haikufika, nikapiga kelele zaidi, kuna dada alilia akaondoka hakurudi tena, na mpaka leo jambo hilo linaniuma kwa sababu kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa kwenye hesabu na hakuna aliyekuwa amenifundisha hiyo hesabu.

Ngoja niieleze maana ndo moyo wa mafunzo yenyewe. Chukua laini ya fulana ina watu 20, wanafanya kazi masaa 8, sawa na dakika 480 kila mtu, jumla dakika 9,600. Kama fulana moja ikijumlisha hatua zote inakula dakika 8 basi laini ikienda asilimia mia itatoa fulana 1,200 kwa siku. Mkitoa 600 mko asilimia 50. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Sasa kwanini ni 600? Unasimama na saa unapima kila hatua, unakuta kuunga kola kunachukua sekunde 45 na yupo mtu mmoja tu anayeunga, kwahiyo kwa saa anatoa 80, kwa siku nzima hata asipoenda chooni hazivuki 640. Hata hao 19 wengine wakimbie vipi laini haivuki hapo! Mzigo utarundikana mbele ya mama wa kola na ukimpigia kelele atashona haraka, kola zitapinda, zitafumuliwa, na mtarudi nyuma zaidi. Dawa yake ni kumwongezea mtu wa pili kwenye kola, unamchukua kwenye hatua yenye nafasi, labda wa pindo anayetumia sekunde 24 tu, awe anasaidia kola akimaliza zake. Hiyo inaitwa kubalansi laini, na anayejua kubalansi laini hana haja ya kupaza sauti.

Na hili la namna ya kuongea na watu nalo linafundishwa, sio hulka. Jinsi ya kumrekebisha mtu bila kumdhalilisha mbele ya wenzake, jinsi ya kumpokea mgeni siku ya kwanza, jinsi ya kupeleka shida ya laini kwa meneja ukiwa na namba mkononi. Better Work, mpango wa shirika la kazi duniani ILO pamoja na IFC ya kundi la Benki ya Dunia, walifundisha masupavaiza kwenye viwanda vya nguo vya nchi kadhaa, na tathmini iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani ikatoka 2016 ikaonyesha kwamba wanawake waliosomeshwa usimamizi, tija kwenye laini zao ilipanda kwa asilimia 22. Nawaomba wenye viwanda waisome namba hiyo taratibu, maana kwenye laini wengi ni kina mama na kina dada, alafu ukitazama wanaosimamia unakuta wanaume.

Tuje kwa fundi mashine, hapa nisipojizuia naweza kuandika mpaka kesho. Mashine ikiruka mshono asiyesoma anakimbilia bisibisi anafungua taimingi, yaani ule mpangilio wa sindano na ndoano kukutana kwa wakati, dakika arobaini zimeenda na mashine sasa imeharibika kweli. Sisi tunafundisha sindano kwanza taimingi mwisho. Angalia sindano imepinda? ncha imekufa? imeingia mpaka juu? imekaa upande sahihi? ni namba inayoendana na uzi na kitambaa? Mara nyingi shida inaishia hapo hapo. Alafu kuna sindano za ncha kali na za ncha ya duara, kitambaa cha kufuma kama cha fulana kinataka ncha ya duara inayosukuma nyuzi pembeni, ukiweka ncha kali inakata nyuzi, tundu dogo hulioni leo, mteja analiona baada ya kufua. Ukiacha hilo kuna ovaloki zenye lupa zake, yaani vile vyuma vinavyopitisha uzi wa chini, kuna za kutoboa tundu la kifungo, kuna mashine za umeme zenye bodi na skrini ambazo zinataka fundi anayesoma umeme na elektroniki, sio makanika tu. Na dada zangu, hii kazi haihitaji misuli. Kwenye darasa letu waliofanya vizuri kuliko wote kupanga lupa za ovaloki walikuwa mabinti wawili, wana mkono mtulivu.

Kwenye kukata napo hela inapotea kimya kimya, na kitambaa ndo gharama kubwa kuliko zote kwenye nguo. Mchoro wa kupanga vipande juu ya kitambaa, wenye mita 6, ukipangwa vizuri ukapunguza sentimita 10 tu, kwenye matabaka 80 umeokoa mita 8 kwa mkato mmoja. Na kitambaa cha kunyumbulika lazima ukiache kipumzike kabla ya kukata, ukikitandika kimevutwa kitarudi baada ya kisu kupita na L yako itakuwa M.

Mkaguzi wa ubora naye sio mtu wa kuangalia kwa macho tu akasema hii nzuri hii mbaya. Kwa kipimo kinachotumika sana cha AQL 2.5, yaani kiwango cha kasoro kinachokubalika, mzigo wa nguo 1,000 unachomoa 80 bila kuchagua, kasoro zikiwa 5 mzigo unapita, zikiwa 6 umekataliwa wote. Hiyo moja ya kuzidi ndo inafanya watu wakeshe wanafungua maboksi.

Sasa wengi wananiuliza, mwalimu mbona hizo nafasi wanakaa Wachina, Wahindi na watu wa Sri Lanka? Jibu langu ni kwamba wao wamefundishwa na kwao kazi hii ni ya siku nyingi. Ila sheria yetu ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri aliyemleta mgeni awe na mpango wa kumrithisha ujuzi mzawa, kwahiyo wewe uliye kiwandani una haki ya kwenda kwa afisa rasilimali watu ukamuuliza kwa adabu, mrithi wa huyu fundi ni nani, na mimi naweza kuwekwa hapo? Na wenye viwanda, ile tozo ya SDL mnayolipa ni ya kuendeleza ujuzi, msikae mkasubiri vyuo tu, njooni mtuambie mnataka mtu anayejua nini, mpokee vijana wa uanagenzi, wiki kadhaa darasani na wiki kadhaa kwenye laini yenu, maana sisi hatuwezi kujenga laini ya watu 40 darasani.

Kwa kijana anayetaka kuanza, kabla hujalipa ada nenda chuoni kaangalie mwenyewe. Je wana mashine za viwandani au ni za nyumbani tupu? Je kuna ovaloki na inafanya kazi? Je wanakupeleka fildi kiwandani na kwa muda gani? Je kuna anayefundisha kupima muda, patani na matengenezo, au ni kushona tu mpaka mwisho? Wakikwambia cheti kinatoka baada ya wiki mbili na wewe hujawahi kugusa mashine, ondoka.

Na wewe ambaye umeshona miaka kumi huna hata karatasi usijione umechelewa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunzia kazini, unapimwa unachokijua kwa maswali na kwa vitendo, ukionekana una mapengo unaelekezwa ukayazibe, ukifaulu unapata cheti. Fika kituo cha VETA cha mkoa wako uulize tarehe za upimaji wa fani yako, na ukienda beba kazi ulizoshona kwa mkono wako, hata kama ni sampuli za mifuko na kola tu.