Saratani za Njia ya Chakula Hugunduliwa Katika Hatua Gani?

Mgonjwa wa saratani ya umio anapofika kliniki yetu hapa Mombasa, mimi humuuliza kwanza ni chakula gani alichoacha kula, na tangu lini. Aghalabu majibu hufanana: alianza kuacha nyama na mkate mkavu, baada ya wiki kadhaa wali ukawa haushuki bila kusukumwa na maji, kisha akabaki na uji na chai. Muda wote huo alikuwa akinunua dawa za alsa dukani, na siku anapoletwa na wanawe, kanzu yake inamning'inia mabegani.

Saratani hizi hugawanywa katika hatua 4. Katika hatua ya kwanza uvimbe ungali ndani ya ukuta wa kiungo. Katika ya nne umekwisha kusambaa hadi ini, mapafu au kwingineko. Umio ni mrija unaotanuka, kwa hiyo chakula huendelea kupita mpaka uvimbe uzibe sehemu kubwa ya njia, na kwa kuwa umio hauna utando wa nje kama ule unaofunika tumbo, ugonjwa huvuka ukuta wake mapema. Ndiyo maana shida ya kumeza, hata ikiwa ya wiki moja tu, inastahili endoskopi, yaani kipimo cha kamera, na wala si dawa ya kujaribia.

Nchini Japani na Korea Kusini, ambako saratani ya tumbo ni nyingi, watu wazima huchunguzwa kwa mpango wa taifa hata kama hawaumwi, na uvimbe mwingi hupatikana ungali mdogo, mwingine ukaondolewa kwa kamera bila kupasua tumbo. Marekani, kwa upande wa saratani ya utumbo mpana, mwelekeo umekuwa wa kutia wasiwasi: wagonjwa walio chini ya miaka 55 walikuwa asilimia 11 mwaka 1995, wakafika asilimia 20 mwaka 2019, na wale waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuvuka utumbo waliongezeka kutoka asilimia 52 katikati ya miaka ya 2000 hadi asilimia 60 mwaka 2019. Mwaka 2021 umri wa kuanza kuchunguzwa huko ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45.

Kenya, saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi zaidi, na wengi wa wagonjwa hugunduliwa katika hatua ya 3 au ya 4. Tumbaku na pombe huchangia, na tangu mwaka 2016 vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 vimehesabiwa kuwa huenda vinasababisha saratani hiyo. Simkatazi mtu kahawa yake ya barazani. Namwomba aiache kikombeni ipoe kidogo.

Damu chooni nayo watu wetu huiita bawasiri, wakanyamaza kwa haya. Tena uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana, ambako njia ni pana na kinyesi ni laini, unaweza kukua bila kuziba chochote wala damu kuonekana kwa macho, mgonjwa akahisi uchovu tu. Mtu wa miaka 50 aliyepungukiwa na damu bila sababu inayoeleweka anapaswa kuchunguzwa utumbo, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu peke yake.