Kadi ya chipukizi ni nini? Tumwangalie Roberto Clemente wa 1955

Kadi za besiboli ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji. Kwa wakusanyaji wake Marekani, kadi ya chipukizi ni ile ya kwanza kumwonyesha mchezaji akiwa wa ligi kuu, iliyochapishwa na kampuni inayouza kadi zake nchi nzima. Kadi alizochapishiwa akiwa bado ligi za chini hazihesabiwi. Mchezaji aliyecheza miaka kumi na nane anaweza kuwa na kadi chungu nzima, lakini ya chipukizi ni moja tu, au chache iwapo kampuni kadhaa zilimchapishia kadi mwaka uleule. Hiyo ndiyo inayogombewa.

Chukua kadi namba 164 ya kampuni ya Topps, mwaka 1955. Imelala kwa upana. Kuna sura ya kijana mweusi mwenye kofia ya Pittsburgh Pirates, pembeni yake picha nyingine ndogo ya mwili mzima, na saini yake imechapishwa kwenye kadi. Ni Roberto Clemente, mzaliwa wa Carolina, Puerto Rico. Zamani kadi hizi ziliuzwa ndani ya pakiti za chingamu, na wanunuzi walikuwa watoto.

Mwaka ule Clemente hakuwa na jina. Brooklyn Dodgers walimsajili mwaka 1954 kwa dola 10,000, wakampeleka timu yao ya chini huko Montreal, wakashindwa kumlinda asichukuliwe na timu nyingine. Novemba mwaka huohuo Pittsburgh, timu iliyokuwa ikishika mkia, ikamchukua kwa dola 4,000. Waliochapa kadi hawakuwa na takwimu hata moja ya ligi kuu ya kuandika juu yake.

Kilichofuata ndicho kilichoipa kadi thamani. Alibaki Pittsburgh misimu 18, akabeba ubingwa wa dunia mara mbili, 1960 na 1971, na wa pili akawa mchezaji bora wa fainali. Mara nne aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira, akazoa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara 12 kwa ulinzi wa upande wa kulia wa uwanja, na mkono wake wa kurusha uliogopwa. Septemba 30, 1972 alifikisha mipigo iliyofanikiwa 3,000 kamili. Huo ukawa wa mwisho wake katika msimu wa kawaida.

Desemba 23 mwaka huo tetemeko liliibomoa Managua, Nicaragua. Clemente alikusanya misaada, na aliposikia mingine inachepushwa na watu wa serikali, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa Desemba 31 ndege yao ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan. Alikuwa na miaka 38, na mwili wake haukupatikana. Kanuni ya kusubiri miaka mitano kabla ya kuingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu, mahali pa kuwaenzi magwiji wa besiboli, iliwekwa kando, akaingizwa 1973. Kwangu mimi hakuna kadi ya miaka ile yenye uzito kuliko hii, hata kama zipo za bei kubwa zaidi.

Maana hairandani na bei kila wakati. Kadi ya chipukizi ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, ni ya kampuni ya Bowman, 1951. Lakini iliyouzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6 ni ya Topps, 1952, ambayo si ya chipukizi. Topps ya 1952 ndiyo iliyoanzisha sura ya kadi za kisasa, na kadi zenye namba za mwisho wa seti ya mwaka huo, alimo Mantle, zilichelewa kutoka na masanduku yasiyouzwa yakamwagwa baharini.

Hali ya kadi nayo huamua mengi. Kampuni za upimaji huipa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifunga ndani ya plastiki ngumu: wanatazama pembe, mikunjo, madoa, na kama kingo nyeupe zinalingana pande zote.

Ukikutana na kadi ya Clemente inayouzwa, anza na rula. Ya 1955 ina takriban sentimita 9.5 kwa 6.7, kubwa kidogo kuliko za leo, na imewahi kuchapishwa upya, hivyo si kila unayoiona ni ya asili. Tazama na jina pia: kati ya 1957 na 1969 Topps walimwandika "Bob", jina ambalo hakulipenda. Kadi yenye "Bob" si ya chipukizi.