Dakika nne za Kilimia: kidhibiti cha darubini nilichounda Dodoma

Kidhibiti cha kiwandani cha darubini yangu kilizima saa 4 usiku, kishada cha nyota cha Omega Centauri kikiwa katikati kabisa ya lenzi ya jicho. Kesho yake nikakifungua mezani. Chipu kubwa ya katikati ilikuwa imekwanguliwa namba zake kwa msasa, makusudi. Fundi yeyote wa redio anajua maana ya kukuta hivyo: hutakiwi kutengeneza, unatakiwa kununua kingine. Nikasema sinunui. Nitaunda changu, na michoro yote nitaiacha wazi, ili kikifa mikononi mwa mwingine, yeye au fundi wa mtaani kwake awe na pa kuanzia.

Kwa asiyejua kazi ya kitu hiki: dunia inazunguka, kwa hiyo nyota haitulii ndani ya darubini. Ukikuza mara 150, nyota uliyoiweka katikati inaweza kutoka nje ya duara kwa sekunde 40 hivi. Tiba yake ni kuiweka darubini juu ya ekseli iliyo sambamba na mhimili wa dunia, kisha kuizungusha kinyume na dunia kwa kasi ileile. Mota moja, kasi moja. Nilidhani ni kazi ya wikiendi mbili.

Hesabu yenyewe inapendeza. Mota ya hatua inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na draiva yake, chipu inayoilisha umeme, inaigawa kila hatua mara 16, unapata vijihatua 3,200. Puli ya meno 16 inavuta puli ya meno 64 kwa mkanda, zidisha kwa 4. Mwisho kuna gia ya parafujo: parafujo nene inayosukuma gurudumu la meno 144, jino moja kwa kila mzunguko wake. Jumla ni vijihatua 1,843,200 ili ekseli izunguke mara moja. Kila kijihatua ni takriban sekunde ya tao 0.7, na sekunde ya tao ni digrii moja iliyokatwa vipande 3,600. Huo ni udogo wa kutosha kwa kazi yangu.

Sasa hivyo vijihatua 1,843,200 vimalizike kwa muda gani? Nikaandika saa 24, bila hata kufikiri. Nikaweka nyota kwenye msalaba wa lenzi, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi baada ya dakika 20 ilikuwa imehama umbali kama upana wa sayari ya Mshtarii. Nikakaza mkanda. Nikabadilisha puli. Usiku wa pili vilevile, na kwa upande uleule. Kitu kilicholegea hakikosei kwa upande mmoja kila siku, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye ile 24.

Saa 24 ni siku ya jua. Nyota zina siku yao: saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Wakati dunia inajizungusha, inalizunguka pia jua, kwa hiyo nyota hurudi mahali pake mapema kidogo kuliko jua. Watu wa pwani wanayo methali yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi lile la nyota linawahi kuchomoza kwa karibu dakika 4 kila siku. Mwezi ukiisha limewahi kwa saa 2, na mwaka ukiisha limezunguka misimu yote na kurudi. Ndiyo maana mkulima aliweza kulifanya kalenda. Programu yangu ilikuwa haijui Kilimia.

Gawanya sekunde 86,164.09 kwa vijihatua vile, unapata kijihatua kimoja kila maikrosekunde 46,747. Hapa pana mtego wa pili, na wengi naona wanauangukia. Ukiamua kuzungusha namba na kuiambia programu isubiri milisekunde 47, umekosea karibu sekunde za tao 5 kila dakika, yaani kosa baya kuliko lile la saa 24. Tumia taima ya chipu yenyewe inayohesabu maikrosekunde. Halafu uliza saa ya chipu inatoka wapi. Bodi ya Arduino Uno inaendeshwa na resoneta ya kauri ambayo inaruhusiwa kukosea hadi nusu asilimia. Kwa taa za sebuleni hakuna neno, kwa nyota ni hasara tupu. Nikahamia bodi ya ESP32, ambayo ina fuwele halisi ya kupigia muda. Fuwele ikikosea sehemu 20 kwa milioni, ni sekunde moja ya tao kwa saa nzima. Hilo silihangaikii.

Draiva nayo ilinipa darasa. Nilianza na DRV8825 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwenye droo. Picha zikatoka na nyota zilizochongoka kama nafaka za mchele. Kwa mwendo wa pole kama huu, vijihatua 21 tu kwa sekunde, chipu ile haigawi hatua sawasawa: vijihatua vingine inaviruka, kisha inafidia kwa mkupuo. Kwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki hutaona, lakini darubini inaona kila kitu. TMC2209 imelimaliza tatizo hilo, na ni kimya kiasi kwamba nalazimika kuigusa mota kujua kama inatembea. Onyo moja tu: usichomoe waya wa mota umeme ukiwa unapita. Nimeua draiva mbili hivyo, zote kwa haraka ya kukunja vitu mvua inapoanza.

Lakini kazi kubwa, iliyonila miezi, haikuwa ya umeme. Vitabu na maelekezo mengi ya darubini yameandikwa na watu wa nyuzi 40 au 50 kaskazini. Kwao ekseli inaelekea juu, kwenye Nyota ya Kaskazini, ile mabaharia wetu wa zamani waliyoiita Jaa. Dodoma ipo nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Jaa iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi, ndani ya vumbi na taa za mji, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa mwenye anga safi. Kwa hiyo ekseli yetu inalala karibu chali. Kichwa, yaani sehemu yenye ekseli inayobeba darubini, nilichonunua cha mtumba kilikataa kuinama chini ya nyuzi 15, na fimbo ya uzito ikawa inagonga mguu wa tripodi kila darubini ikivuka katikati ya anga.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayekereza vyuma, na mchoro wa kabari ya chuma ya kukilaza kichwa. Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mwanangu, hiki kitu si kimeanguka?"

"Hapana mzee, ndivyo kinavyosimama huku kwetu."

Akaikereza, na akaniongezea kola ya kuifungia kwenye bomba la inchi 4 nililolizika uani kwa zege. Tripodi siitumii tena. Bomba halina miguu ya kugongwa.

Kuilenga ekseli bila kuiona ncha kunahitaji uvumilivu zaidi kuliko akili. Naanza na dira na kipimo cha mteremko, kisha naifuata nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapopita katikati juu. Ikihama kaskazini au kusini, ekseli imekosea kushoto au kulia. Nikisharekebisha, nachukua nyota iliyo chini upande wa mashariki. Hiyo inaniambia kama ekseli imeinuka au imeinama kupita kiasi. Kosa la digrii moja linaweza kuihamisha nyota kwa sekunde za tao karibu 16 kila dakika, kwa hiyo mwanzoni unaliona haraka. Dakika za mwisho za tao, yaani visehemu vya sitini vya digrii, ndizo zinazomaliza usiku. Na kumbuka kugeuza upande wa mota kwenye mpangilio, maana kichwa kimetazama kusini. Wa Kampala, ambako ekseli inalala kabisa, achague ncha anayoipenda.

Gia ya parafujo ina kosa lake la kuzaliwa linalojirudia kila dakika 10, muda wa jino moja. Hilo nimeliacha kwa kamera ya kuongozea, inayoitazama nyota moja muda wote, na programu ya PHD2 inayoisahihisha mota. Kulegalega kwa meno nimekutibu bila programu: upande wa mashariki naufanya mzito kidogo, gia isikose cha kusukuma.

Asiyetaka kupitia yote haya achukue OnStep ya Howard Dutton. Ni programu huria, inakubali ESP32, na inazungumza LX200, lugha ya kuiamrisha darubini, ile ambayo ukituma ":GR#" darubini inajibu imeelekea longitudo ipi ya anga. Nami mwishowe niliweka hiyo kwenye bodi yangu, kwa sababu kuandika upya kazi ya kwenda kwenye nyota kwa jina kulinishinda subira. Bodi, kabari na kola ndivyo vyangu. Nimevitoa kwa leseni ya CERN-OHL-S: atakayebadilisha na kugawa, agawe na michoro yake.

Toleo la kwanza la bodi lisitumiwe. Halina diodi ya kuzuia betri iliyogeuzwa, na betri ya bodaboda gizani hugeuzwa kirahisi sana. Toleo la pili lina diodi, fyuzi, na plagi isiyoingia kinyume. Bodi ya kwanza, iliyoungua, nimeigongomea ukutani juu ya meza.